Muulize Fundi: Karabai yangu mbona imetoka kama ya plastiki?

Wasomaji wangu wa kanda ya ziwa mwangaluka, na nyie wa mbali habari zenu. Safari hii maswali mengi yamegongana sehemu moja, michoro ya vekta, ile ya mistari inayopigiwa hesabu na kompyuta badala ya nukta nukta za picha, na kuna moja limenishika mpaka nikaenda kuazima karabai kwa jirani yangu hapa Kirumba, nikaiweka mezani nikaichora upya kuanzia mwanzo, nisije nikamjibu mtoto wa watu kwa kukumbuka kumbuka. Kwa hiyo hilo ndo nimelipa nafasi kubwa, wengine nimewajibu kifupi, msininunie.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni kijana wa Igombe, mama anakaanga dagaa anawafunga kwenye pakti na mimi ndo nimepewa kazi ya lebo. Nikaona badala ya kuweka samaki kama kila mtu niweke karabai, maana dagaa wetu wanavuliwa usiku kwa taa. Nikapiga picha karabai ya mjomba, nikaiingiza Inkscape, ile programu ya kuchorea, nikabonyeza Trace Bitmap inayogeuza picha kuwa mchoro, kwa mbali ikatoka vizuri ila ukiisogelea ni madoa madoa, na faili lilikua MB 40, kompyuta ya pale ninapoprintia ikaganda wakanambia niwaletee kitu kingine. Nikachora mwenyewe kwa mkono siku nne nzima. Imetoka safi lakini inaonekana kama karabai ya plastiki ya kuchezea watoto, na gradienti, ile rangi inayofifia kuingia nyingine, nimeweka kila sehemu. Nakosea wapi?
Mdau, Igombe

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na mama msalimie. Wazo la karabai nimelipenda sana maana nimechoka na lebo zenye sato anacheka, sato gani anacheka akienda kukaangwa.

Tuanze na hiyo Trace Bitmap tuimalize. Ile kitu haijui karabai ni nini. Inapanga rangi za picha yako kwenye makundi alafu kila kundi inalizungushia mstari, sasa picha ya simu ina chenga chenga za rangi kila kona, hivo inakutengenezea vipande maelfu na kila kipande kina nodi zake, yaani nukta zinazoushika mstari, ndo hiyo MB 40. Kwa nembo iliyochorwa kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe inafaa, mi mwenyewe naitumia nikiletewa mihuri na saini. Kwa chuma kinachong'aa achana nayo.

Sasa plastiki. Jibu umeliandika mwenyewe: gradienti kila sehemu. Hebu angalia ndoo ya plastiki hapo nyumbani, mwanga unapita juu yake polepole, upande mmoja umekolea unafifia taratibu mpaka upande wa pili. Gradienti laini inachora hicho tu, ndoo. Alafu chukua karabai ya mjomba uifute vizuri uitazame tangi lake, utaona kufifia ni kidogo mno, kuna mstari mweupe kabisa na pembeni yake papo hapo mweusi tii, kisha kijivu, kisha tena weupe mwembamba kama uzi. Chuma kilichosuguliwa ni kama hakina rangi yake, kinarudisha vilivyokizunguka, dirisha, ukuta, meza, shati lako, mpaka na mkono ulioshika simu. We ulichora karabai unayoijua kichwani, ya kijivu yenye kamng'ao katikati, ile iliyokua mbele yako ukaiacha imekaa pale inakushangaa.

Kwa hiyo rudia na picha kwanza. Iweke karabai karibu na dirisha asubuhi, mwanga utoke upande mmoja tu, taa ya juu zima. Upande wa pili simamisha karatasi nyeupe au hata shuka, itarudisha mwanga kidogo ili ule upande wa giza usife kabisa. Na usiisogelee! Simu ukiipeleka karibu inavimbisha vitu, tangi linakua na tumbo kubwa na kofia inakua ndogo, alafu we unakuja kuchora hilo kosa kwa uaminifu kabisa. Rudi nyuma kama mita mbili alafu ndo uvute kwa zumu. Piga moja ikiwa imezimwa, na nyingine jioni ikiwa inawaka, hiyo ya pili itunze kwa ajili ya mwanga tu.

Ukishaingiza picha iweke kwenye leya yake, yaani tabaka lake peke yake, uifunge isisogee, ipunguze ukolevu mpaka nusu. Alafu usichore karabai nzima, chora nusu. Tangi, kioo na kofia vyote ni vitu vya mviringo, ukishapata ukingo wa kushoto unaukopi unabonyeza H unageuka kuwa wa kulia, unaunganisha, umemaliza na pande zimelingana. Wengi wanahangaika kuchora pande zote mbili kwa mkono alafu karabai inaonekana imelewa.

Nodi ziwe chache. Hapa nisikilize vizuri maana ndo mchoro wako unapoharibikia, nina uhakika hata bila kuuona. Weka nodi pale ambapo mstari umefika mwisho wa kutoka nje au mwisho wa kuingia ndani, na vile vishikio vyake vya kupindia mstari vilaze au visimamishe kwa kushika Ctrl. Tangi lote upande mmoja ni nodi nne au tano. Umeshawaona mafundi wa mitumbwi hapo ufukweni wanavyopinda ubao? Wanaushika sehemu chache tu, katikati ubao unajipinda wenyewe na pindo linakua safi, ukiugonga misumari kila inchi unapata mawimbi. Na hii sio mfano tu nimetunga, wachoraji wa meli zamani walikua na kijibao chembamba wanakipinda na kukibana kwa vizito ndo wanafuatisha mstari, na hesabu za mistari tunayotumia kwenye kompyuta zinaitwa kwa jina la Pierre Bézier, injinia wa magari ya Renault kule Ufaransa miaka ya 1960, naye shida yake ilikua hiyo hiyo, bati lipinde vizuri bila mabonde.

Kitu kingine ni zile duara za mdomo wa tangi, kitako na kofia. Ukiziangalia kwa pembeni zinakua duaradufu, na makosa ni mawili kila siku. La kwanza watu wanazichonga ncha pembeni kama jani la mwembe, duaradufu haina ncha hata iwe nyembamba vipi, pale pembeni inageuka kwa mviringo. La pili wanakopi moja wanaibandika juu na chini. Iliyo usawa wa jicho lako inakua mstari tu, kadiri unavyoshuka chini yake inafunguka zaidi, kwa hiyo kama simu ilikua usawa wa kioo, kitako kitakua kimefunguka kuliko mdomo wa tangi. Hili likikosewa hakuna gradienti itakayokuokoa.

Haya sasa ndo tunafika kwenye tangi. Weka gradienti ya mstari mnyoofu, kushoto kwenda kulia, na uiongezee vituo, yaani alama za pale rangi inapobadilika, mi kwa hii ya jirani nilitumia tisa. Siri yenyewe ni hii, pale ambapo kwenye picha weupe unakatika ghafla weka vituo viwili vimegusana karibu kabisa, kimoja cheupe kingine cheusi, na pale panapofifia viache mbali. Hiyo peke yake itakutoa kwenye plastiki ukaingia kwenye chuma, jaribu dakika tano utanipigia vigelegele. Rangi usizibuni. Bonyeza D upate ile dropa ya kunyonya rangi, lakini ukibofya mara moja utanyonya chenga ya pikseli moja, kanukta kadogo kabisa ka picha, ambayo inaweza ikawa ya ajabu, we bofya uburute, inachora kaduara na kukupa wastani wa rangi zote za ndani. Utashangaa. Nilivyonyonya upande wa dirisha nikapata bluu ya mbingu, upande wa chini kahawia ya meza yangu, na sehemu moja wekundu wekundu nikawa najiuliza umetoka wapi, kumbe ni fulana yangu. Kijivu chenyewe kilikua kidogo sana.

Pale tangi linapopinda kuingia shingoni gradienti ya mstari haitoshi, maana mwanga unapinda nao. Hapo chora umbo la mwanga lenyewe kama kipande kinachojitegemea, mara nyingi linafanana na ndizi au mwezi mchanga, lipe rangi yake, alafu likate kwa kulibana ndani ya umbo la tangi lisitoke nje. Ukitaka upande mmoja uwe mkali na mwingine ufifie, lisogeze ule upande mkali uvuke kidogo ukingo wa tangi, alafu tia ukungu (blur), ukungu utaonekana upande wa ndani tu. Vipande kama sita vya hivi shingo imekwisha. Kuna watu watakwambia utumie gradienti ya wavu, ile yenye nodi katikati ya rangi, Inkscape inayo toka toleo la 0.92 la mwaka 2017 na ni tamu kweli, ila kwenye SVG, ule mfumo wa faili za vekta, haikupitishwa kuwa ya kudumu na bila msaada wa ziada vivinjari haviionyeshi, na pale unapoprintia wakiifungua kwa programu yao nyingine usishangae pakawa peupe. Mi kwa kazi ya kumpa mtu mwingine siitumii.

Kioo ndo watu wanakiogopa na ndo chepesi kuliko vyote, maana kioo hukichori. Chora vilivyo nyuma yake na ndani yake, kile kimfuko cheupe kinachowaka na vile vijiti vyake, alafu juu weka vitu vitatu: giza jembamba kwenye kingo za kushoto na kulia, maana pale unakiangalia kioo kwa unene wake, umbo la dirisha limepindishwa kufuata mviringo, jeupe, kingo kali, juu limekolea chini linapotea, na kamstari keupe upande wa pili. Basi. Kwenye ile sehemu inayopotea hakikisha ni rangi hiyo hiyo nyeupe ukolevu wake umeshushwa hadi sifuri, ukiweka nyeupe kwenda nyeusi iliyozimwa utapata ukijivu mchafu katikati na hutajua umetoka wapi.

Ukimaliza itakua nzuri sana na hapo ndo itakua na shida mpya, imekua mpya mno, kama imetoka kwenye boksi. Karabai ya mvuvi isiyobonyea popote mi sijaiona. Ongeza masizi kwenye kofia yakielekea upande mmoja, kutu kwenye kitako, bonyeo moja kwenye tangi, na bonyeo ni kaumbo ka giza na kaumbo ka mwanga vimelaliana tu. Kishikio cha waya kiache kimepinda kidogo kama kilivyo, usikinyooshe, na pampu iko upande mmoja, hizo ndo zinavunja ule ulinganifu wa kukopi nusu. Ila usinogewe, alama nne tano zinatosha.

Kivuli cha chini weka viwili, kimoja cheusi chembamba kabisa pale kitako kinapogusa meza, kingine kipana kilichofifia kinachokimbia upande usio na dirisha. Wengi wanaweka hicho kipana tu na karabai inaelea.

Sasa kuhusu kuiwasha kwa ajili ya lebo. Karatasi haina umeme mdogo wangu, kitu cheupe kuliko vyote kwenye lebo yako ni karatasi yenyewe, kwa hiyo mwanga hauwezi kuongezwa, unaweza tu kuongeza giza pembeni yake. Ukiiweka karabai inayowaka kwenye lebo nyeupe itaonekana ina homa ya manjano. Weka nyuma bluu nzito ya usiku wa ziwani, tena ule usiku wa giza sio wa mbalamwezi, mama anajua kwamba mbalamwezi ikikomaa wavuvi wa dagaa wanapumzika maana taa inashindana na mwezi. Alafu gradienti ya duara, katikati nyeupe, kisha njano, kisha chungwa linalopotea kabisa kwenye bluu. Na ukishaiwasha, lile dirisha kwenye kioo lipunguze sana au ulitoe, usiku ziwani dirisha limetoka wapi?

La mwisho kwako, lebo yako sentimita ngapi? Kama ni sita, nusu ya haya niliyoeleza hayataonekana na mistari yenye unene chini ya robo ya pointi (0.25 pt) inaweza isitoke kabisa kwenye printa. Chora kubwa yenye kila kitu, itakufaa kwenye bango, alafu ikopi na uanze kutoa vitu mpaka ibaki inasomeka ukiiangalia kwa ukubwa wake halisi kwenye skrini. Mi nilitoa kutu, vijiti vya ndani na vituo vinne vya gradienti, hakuna aliyegundua.

SWALI: Fundi mambo, nasoma Buhongwa, laptopu yangu ni ya RAM 4 na nikichora vitu vya kung'aa inakwama kabisa. Rafiki ameniambia anipe Illustrator, ile programu ya kuchorea ya kulipia, ya kukraki itakua nyepesi, ni kweli?
Mwanafunzi

JIBU: Poa mwanangu. Rafiki yako anakupa mzigo, Illustrator ni nzito kuliko Inkscape, na hizo za kukraki mi nimeshasafisha virusi kwenye laptopu za watu mpaka nikachoka, na ni wizi pia, tusizungushe. Inkscape ni ya bure kihalali toka ilipoanza mwaka 2003. Kinachokukwamisha ni ukungu, ambao ni filta, kila mara ukisogeza kitu inaupiga hesabu upya. Ingia menyu ya View, kwenye Display Mode, uhame kwenye mwonekano usio na filta au wa mistari mitupu, chora humo, rudi kwenye mwonekano kamili ukitaka kukagua tu. Vipande ulivyomaliza viweke kwenye leya ya pembeni uifiche. Na ile picha ya simu ipunguze kabla ya kuiingiza, pikseli 1,500 zinatosha kabisa kufuatishia.

SWALI: Nimechora sufuria na jiko la mkaa kwa ajili ya bango la mgahawa wangu hapa Nyegezi, kwenye skrini makaa yanawaka mpaka unasikia joto, bango limetoka makaa yamekua kama matofali. Na fonti zimebadilika. Aliyeniprintia anasema kosa ni langu, mi nasema ni lake.
Mama Lishe, Nyegezi

JIBU: Pole dada yangu. Mmegawana. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu, printa inatengeneza kwa wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, na chungwa kali la skrini wino hauwezi kulifikia, hilo sio kosa la mtu. Dawa ni ile ile niliyomwambia kijana wa Igombe, usiongeze ukali wa makaa, ongeza weusi wa majivu na jiko pembeni, na katikati ya kaa acha njano karibu na nyeupe. Alafu kabla ya bango zima omba wakuprintie kipande cha A4 kwenye mashine hiyo hiyo na nyenzo hiyo hiyo, hapo yeye ndo alikosea kutokukwambia. Fonti ni zako wewe, hazikuwemo kwenye kompyuta yake ikachagua nyingine, siku nyingine geuza maandishi yawe maumbo kwa Object to Path, ila tunza kopi ambayo haijageuzwa maana ukishageuza huwezi kurekebisha bei ya ugali. Ukitoa PDF weka nukta 300 kwa inchi (dpi) kwenye sehemu ya filta, maana ukungu wote unageuzwa kuwa pikseli pale, ukiacha namba ndogo vivuli vinatoka na ngazi ngazi.

SWALI: Fundi samahani lakini hii yote ya nini? Karabai ipo, simu ipo, piga picha weka kwenye lebo, dakika tano. Siku nne kuchora kitu ambacho kamera inakitoa vizuri zaidi naona ni kujitesa.
Mzee wa Sengerema

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kwa lebo una haki na sitabisha. Sentimita sita kwa nukta 300 kila inchi ni pikseli kama 700 tu, simu yoyote inatoa zaidi ya hapo. Hata bango, picha ya pikseli 4,000 ukiitandaza mita tatu unabaki na kama pikseli 34 kwa kila inchi, ukiwa ng'ambo ya barabara hakuna anayeona tofauti. Kwa hiyo mtu akikwambia vekta ni lazima kwa sababu ya ukubwa mwambie apige hesabu kwanza.

Ila huyu kijana akishauza pakti mia mbili, mama atataka fulana za kuuzia sokoni, na wa fulana atamwambia lete rangi tatu, kila rangi na fremu yake. Atataka muhuri wa rangi moja wa kugonga kwenye maboksi ya mzigo. Atataka stika ya kukatwa kwa mashine ibandikwe kwenye kioo cha bajaji, na ile mashine inafuata mstari, picha hata haijui ifanye nayo nini. Picha ya simu kwa kazi hizo tatu atarudi mwanzo kila mara, mchoro atatoa vipande tu. Lakini kama ni pakti ishirini za majirani, mzee wangu, apige picha akalale.